Vifaranga wa bata mzinga wanakufa mmoja mmoja, wa kuku waliokua nao wazima kabisa. Tatizo ni nini?

#1 Nzuguni Yetu (mleta mada)
Habari za jioni wakuu.

Nipo Dodoma. Kuku wa kienyeji nafuga muda mrefu, mwaka huu nimeongeza bata mzinga. Mayai nilinunua kwa mfugaji wa jirani, yakatotoleshwa kwa mashine, vifaranga wakatoka wazuri tu. Nikawaweka bruda moja (kizimba chenye taa ya joto) na vifaranga wa kuku waliototolewa siku hiyo hiyo.

Sasa wa kuku wanakimbizana, manyoya yanang'aa, ila wa mzinga wanapungua. Anaanza kushusha mabawa, anajitenga na wenzake, anasinzia akiwa amesimama, kesho yake au keshokutwa namkuta amelala chali. Baadhi wanaharisha njano. Zaidi ya nusu wameshaondoka. Duka la dawa za mifugo wamenipa antibayotiki ya kuchanganya kwenye maji, sijaona tofauti.

Chakula chao kimoja, maji yao mamoja, taa yao moja. Kwa nini kuku hafi na mzinga anakufa? Nawasilisha.

#2 Kipanga Mweusi
Pole mkuu. Natandika mkeka hapa, mke wangu ameshanunua mayai ya ndege hao hao na hataki kunisikiliza.

#3 Binti Uwemba
Baridi hiyo, usitafute mbali. Dodoma mwezi huu usiku si mchezo, na kifaranga wa mzinga anataka joto kuliko wa kuku. Wiki ya kwanza nyuzi 35 hadi 37 pale chini anapolala, siyo juu ulipofunga taa. Halafu unashusha nyuzi kama tatu kila wiki, na hutoi joto kabisa mpaka awe na manyoya ya kutosha, wiki ya sita hadi ya nane.

Huku Njombe hatuna ujanja wa taa pekee maana umeme ukikatika usiku umekwisha. Natumia kinengunengu: boksi la mbao, pembeni nimeshindilia nyasi kavu, juu mfuniko wenye mto wa nyasi na matundu ya hewa. Vifaranga wanapashana joto wenyewe. Wakirundikana na kulia kwa sauti kali ujue wanasikia baridi. Wakitawanyika pembeni wamefungua midomo, joto limezidi. Wakilala wametandazika sawasawa kama maharage uliyoanika kwenye ungo, hapo na wewe nenda kalale.

#4 Mchanganya Pumba
Sikatai joto, lakini swali la mleta mada ni kwa nini kuku hafi. Jibu lipo kwenye chakula. Kifaranga wa kuku wa mayai anakua vizuri kwa chakula chenye protini asilimia 18 hadi 20. Wa mzinga anataka 26 hadi 28 wiki zile za mwanzo. Ukimpa chakula cha kifaranga wa kuku anakula, anashiba, na bado ana njaa. Miguu inakuwa dhaifu, manyoya yanakawia, ugonjwa wowote ukipita unamkuta hana kinga.

Kuna na vitamini B3, ile niasini. Mzinga na bata wanaihitaji zaidi ya kuku. Ukiona kifaranga magoti yamevimba na miguu inapinda usikimbilie kusema ni ukoo mbaya.

Mkuu Nzuguni, mfuko wa chakula chako uliandikwa nini?

#5 Bibi Shambani
Wanangu mmeruka hatua. Kifaranga wa mzinga hajui kula. Wa kuku ukimtupia chenga anadonoa, huyu anaweza kusimama katikati ya sahani ya chakula akafa njaa. Siku ile kiini cha yai alichozaliwa nacho tumboni kinapoisha, kama hajajifunza kudonoa, ndiyo mwisho wake. Wengi wanaokufa siku ya tatu mpaka ya sita wamekufa kwa hilo, na watu wanasema ugonjwa.

Mimi akitoka tu namshika, namchovya ncha ya mdomo kwenye maji ya uvuguvugu, kisha kwenye chakula. Nachemsha yai, nalisaga laini, nalichanganya na majani ya vitunguu yaliyokatwa madogo sana. Kijani kinawavuta macho, wanadonoa. Kwenye chombo cha maji weka gololi za rangi: zinang'aa, anazidonoa anapata maji, na zinazuia asizame. Wasio na gololi waweke kokoto safi. Na taa isizimwe usiku zile siku za kwanza, gizani haoni chakula.

Kuwachanganya na vifaranga wa kuku ulifanya vizuri, hao ndio walimu wao.

#6 Mpemba Halisi
Bibi umenena. Marehemu mama alikuwa akiwapa yai na majani ya kitunguu vivyo hivyo, na hakuwa na mfuko hata mmoja wa chakula cha duka.

#7 Mtumishi wa Zizi
Mimi ni afisa mifugo. Mkuu Nzuguni, kabla hatujakujazia majibu naomba vitu vichache, maana vifo vya siku ya nne na vifo vya wiki ya sita si mada moja.

Walianza kufa wakiwa na umri gani? Wako wapi sasa, bado brudani au wametoka? Sakafu ni nini? Kuku wakubwa wanapita hapo? Chakula kimebadilika lini? Na umempasua yeyote?

#8 Nzuguni Yetu
Asanteni wote. Nijibu kwa pamoja.

Wachache walikufa wiki ya kwanza, nikaona ni kawaida. Bibi huenda ni hao unaowasema. Baada ya hapo kukatulia, wakakua vizuri sana. Wiki ya nne ikiisha nikawatoa brudani nikawahamishia banda lililokuwa la kuku wangu wa zamani. Nilifagia na kumwaga maranda mapya. Mchana wanatoka uwanjani, na kuku wakubwa wanapita humo humo. Wiki hiyo hiyo chakula cha dukani kiliisha, kilikuwa cha kuanzia broila, nikaanza kuchanganya mwenyewe: pumba ya mahindi, mahindi yaliyoparazwa, mashudu ya karanga, dagaa. Vifo hivi vikubwa vimeanza wiki ya sita. Sijampasua yeyote.

#9 Kipanga Mweusi
Yaani ulihamisha nyumba, ukabadilisha jiko na ukafungua geti ndani ya wiki moja. Hapo hata shahidi wa kumuuliza hayupo.

#10 Mtumishi wa Zizi
Ahsante kwa maelezo. Umri huo, kushusha mabawa, kusinzia, kinyesi cha njano ya kiberiti, kuku wazima na mzinga wanakufa baada ya kuingia uwanja wa kuku: kitu cha kwanza ninachokifikiria ni ugonjwa wa kichwa cheusi. Jina lisikudanganye, mara nyingi kichwa hakiwi cheusi kabisa.

Kinavyofanya kazi ni hivi. Kuna kijidudu kidogo kinaitwa Histomonas meleagridis. Kikidondoka peke yake chini na kinyesi hakiishi muda. Kinachokiokoa ni minyoo midogo ya kuku, Heterakis gallinarum, inayokaa kwenye ile mifuko miwili mirefu mwishoni mwa utumbo. Kijidudu kinaingia ndani ya yai la mnyoo, yai linadondoka na kinyesi, na udongoni linakaa miaka kadhaa likiwa hai. Minyoo ya ardhini, ile tunayovulia samaki, inameza mayai hayo na kuyahifadhi. Mvua ikinyesha inatoka juu, mzinga anaidonoa.

Kuku anaweza kuishi nacho asionyeshe dalili yoyote ya maana. Mzinga kinamtoboa ule utumbo, kinaingia kwenye damu na kwenda kula ini. Tangu ameze mayai hadi uone dalili ni kama wiki mbili mpaka tatu. Hesabu mwenyewe kuanzia siku uliyofungua mlango.

Kufagia banda na kumwaga maranda mapya hakuondoi mayai yaliyomo kwenye udongo.

#11 Nzuguni Yetu
Duh. Hesabu inaingia mkuu.

#12 Mpemba Halisi
Naomba kupinga kidogo. Sisi nyumbani kuku, mzinga, kanga na bata walikuwa ua mmoja miaka na miaka. Usiku wote juu ya mti mmoja. Hatukuwa na kichwa cheusi wala chekundu. Kama kuku ndiye anayeua mzinga, basi mzinga wa kwetu wangekwisha kabla sijazaliwa.

#13 Mtumishi wa Zizi
@Mpemba Halisi hoja yako ni nzuri. Si kila kuku ana minyoo hiyo, na si kila mnyoo umebeba kijidudu. Udongo wa mchanga unaokauka haraka, jua kali, ndege wachache eneo kubwa, hapo maambukizi yanakuwa madogo. Na mzinga aliyeugua kidogo akapona ndiye anayebaki kuwa mama. Mleta mada ana banda lililokaliwa na kuku muda mrefu, pamoja na vifaranga wa wiki ya nne.

#14 Mpemba Halisi
Mchanga wetu ni mchanga kweli. Lakini nabaki na shaka yangu.

#15 Soma Kwanza
Nyongeza ya historia. Kichwa cheusi kilielezwa kitaalamu na Theobald Smith mwaka 1895 huko Marekani, baada ya wafugaji wa mzinga wa jimbo la Rhode Island kulia kilio hiki hiki cha Nzuguni. Kwa hiyo mkuu hujarogwa.

Lakini mimi nimesoma orodha ya chakula chako na macho yangu yamegota kwenye mashudu ya karanga. Mwaka 1960 Uingereza walikufa zaidi ya mzinga 100,000, wengi wao vifaranga, ndani ya miezi michache. Hawakujua ugonjwa gani, wakauita ugonjwa X. Walipofuatilia wakakuta wote wamelishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil, yaliyoota ukungu. Ndiyo asili ya dunia kuijua aflatoksini, hii tunayoita sumukuvu. Iligundulika kwa sababu ya vifaranga wa mzinga!

Na ndege hawalingani. Kifaranga wa bata ndiye anayedhurika upesi zaidi, anafuata mzinga, kuku ni mvumilivu. Chakula kimoja, mmoja anakufa, mwingine anakimbizana. Si ndilo swali la mleta mada?

Na uko Dodoma mkuu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara kwa mahindi ya nyumbani. Kenya mwaka 2004 walipoteza watu 125 Ukambani.

#16 Mkulima Nakuru
Kweli hiyo ya 2004, Makueni na Kitui ziliumia sana. Tangu hapo mimi mahindi yenye ukungu hata kuku siwapi, maana sumu inaingia hadi kwenye ini la kuku tunayemla.

#17 Mchanganya Pumba
Soma Kwanza umenitangulia. Mashudu ya karanga ni chakula kizuri sana cha protini, lakini ukinunua kwa mtu anayeyarundika kwenye gunia juu ya sakafu ya udongo, unanunua bahati nasibu. Kuanika upya hakutoi sumu. Kukaanga na kuchemsha pia hakuimalizi, inavumilia moto. Ukungu unaweza usionekane kwa macho na sumu ipo. Mimi nilishahamia soya iliyokaangwa na mashudu ya alizeti kwa vifaranga, karanga nawaachia ng'ombe wa kunenepesha, nao kidogo.

Dagaa nao waangalie. Kuna dagaa wa chumvi na dagaa waliojaa mchanga. Chumvi nyingi kwa kifaranga wa mzinga ni sumu, anajaa maji tumboni na kufa.

Halafu kuna jambo wengi hawalijui, naomba nilisisitize. Nzuguni umesema chakula cha mwanzo kilikuwa cha broila. Baadhi ya vyakula vya broila vimewekwa kinga ya kuhara damu iitwayo salinomaisini. Kwa kuku ni salama kwa kipimo chake. Kwa mzinga ni sumu, na anavyokua ndivyo anavyozidi kudhurika. Anapooza miguu, analala kifua chini miguu imenyooka nyuma. Punda na farasi nao wanakufa kwa dawa hiyo. Soma karatasi iliyoshonwa kwenye mfuko.

#18 Nzuguni Yetu
Karatasi nimeitafuta kwenye mfuko wa zamani. Imeandikwa ina kinga ya koksidia, yaani hiyo kuhara damu, lakini dawa haikutajwa jina. Ila wa kwangu hawapoozi miguu, wanasinzia tu. Na walipokuwa wanakula hicho ndipo walipokuwa wazima.

#19 Mchanganya Pumba
Basi hiyo tuiweke kando kwako. Mashudu siyaweki kando.

#20 Binti Uwemba
Jamani mmeruka Ulaya mkarudi. Banda la kuku wa kienyeji la Dodoma lina matundu pande zote, kawatoa kwenye taa wiki ya nne mwezi wa saba. Niliandika wiki ya sita hadi ya nane. Kifaranga akipigwa baridi anarundikana, hali, anadhoofu, anaharisha. Hata kinyesi cha njano kinatoka kwa ndege asiyekula siku mbili.

#21 Mtumishi wa Zizi
Hilo la mwisho ni kweli kabisa, nakuunga mkono. Kinyesi cha njano peke yake si ushahidi.

#22 Mkulima Nakuru
Hamjambo. Mimi nina bata mzinga hapa Nakuru, baridi yetu inajulikana. Nakubaliana na dada wa Njombe lakini kwangu ilikuwa kitu kingine. Vifaranga walianza kusinzia hivyo hivyo, daktari akaja, akapima kinyesi kwa darubini, akasema ni koksidia. Tukawapa amproliamu kwenye maji wakapona wengi. Kwa hivyo labda kuku wako walileta koksidia na wao wamezoea, mzinga hajazoea.

#23 Mtumishi wa Zizi
Kupona kwako sina shaka nako, daktari alipima. Lakini nirekebishe kipande kimoja: koksidia ya kuku haimwingii mzinga, na ya mzinga haimwingii kuku. Kila ndege ana ya kwake. Kwa hiyo kama ilikuwa koksidia, ilitoka kwa mzinga wenzake au banda lililowahi kukaliwa na mzinga. Pia kwa mzinga usisubiri kuona damu kama kwa kuku. Mara nyingi ni kinyesi cha maji chenye utelezi mweupe.

#24 Mkulima Nakuru
Sawa, banda nilinunua kwa mtu aliyefuga mzinga. Sasa naelewa.

#25 Bandari Salama
Mbona hakuna aliyetaja mdondo? Hapa Dar vifaranga wakifa ovyo wa kwanza kulaumiwa ni mdondo.

#26 Mpemba Halisi
Kideri hicho. Lakini kideri kingeanza na kuku.

#27 Mtumishi wa Zizi
Sawasawa. Mzinga anaugua mdondo lakini kuku ndiye anayeangamia zaidi. Ungekuwa mdondo, Nzuguni angefungua uzi wa kuku. Hata hivyo chanja wote. Ile chanjo ya I-2 inayotengenezwa hapa nchini Kibaha ni tone moja kwenye jicho moja, unarudia kila miezi mitatu, na inavumilia joto kuliko zile za zamani.

Ndui nayo msiisahau kipindi cha mbu. Kuku anachomwa kwenye ngozi ya bawa. Mzinga mchome pajani, kwa sababu analala kichwa amekifutika kwenye bawa na chanjo itamhamia usoni.

#28 Kipanga Mweusi
Hilo la paja sijawahi kulisikia popote. Mke wangu ameanza kusoma uzi huu, sasa ananiita "mtumishi wa zizi" na zizi lenyewe hatuna.

#29 Bibi Shambani
Mwambie ana akili. Na wewe mjengee banda.

#30 Nzuguni Yetu
Wakuu, leo asubuhi amekufa mwingine nikampasua. Ini lina madoa. Mengine ya mviringo, rangi ya manjano inayofifia, na ini lote naliona limepauka na limevimba. Ile mifuko miwili ya Mtumishi mmoja ni mnene kuliko mwenzake, ndani una kitu kigumu kama jibini. Nimeweka picha, samahani giza.

#31 Mtumishi wa Zizi
Picha haionyeshi vizuri lakini maelezo yako yanatosha kunitia wasiwasi. Doa la kichwa cheusi linakuwa la mviringo, katikati limebonyea, kingo zimeinuka kidogo. Na huo uchafu mgumu kwenye mfuko ndio wenyewe.

#32 Mchanganya Pumba
Na ini lote kupauka na kuvimba? Hiyo ni sura ya sumukuvu. Madoa yanaweza kuwa madogo na sumu ikawa kubwa.

#33 Soma Kwanza
Inawezekana vyote viwili. Sumukuvu inashusha kinga ya mwili, kijidudu kinapata mlango uliofunguliwa.

#34 Binti Uwemba
Na baridi ikafungua dirisha.

#35 Bandari Salama
Mkuu usihangaike, nunua vidonge vya Flagyl duka la dawa za binadamu, saga, weka kwenye maji. Jamaa zangu wote wanaofuga mzinga Kigamboni wanafanya hivyo na wanapona.

#36 Mtumishi wa Zizi
Nilijua itafika. Metronidazo, ndiyo hiyo Flagyl, inakiua kijidudu hicho, sitasema uongo. Lakini Ulaya na Marekani imepigwa marufuku kwa wanyama wanaoliwa, kwa hofu ya saratani kwa mlaji. Marekani hata nitarsoni, dawa ya mwisho waliyokuwa nayo ya kukinga kichwa cheusi, iliondolewa sokoni mwaka 2015 kwa sababu ina aseniki. Wafugaji wakubwa wa dunia leo wanaishi na ugonjwa huu bila dawa ya kutibu, wanategemea kinga. Tusimfundishe mtu kumtibu ndege wa Krismasi kwa dawa ambayo mtoto wake ataila.

#37 Bandari Salama
Mtumishi, mtu amebakiwa na vifaranga wachache na amekopa. Unamwambia akinge nini sasa?

#38 Mtumishi wa Zizi
Namwelewa, nimezungukia wafugaji wa namna hiyo. Awatoe leo kwenye lile banda na kwenye uwanja ule. Awaweke juu ya kichanja chenye wavu, kinyesi kipite kidondoke chini wasikifikie. Wanaosinzia awatenge mbali na wenzao, maana mzinga wakishaugua wanaambukizana wenyewe kwa wenyewe kupitia kinyesi hata bila minyoo. Kuku na mzinga wote wapewe dawa ya minyoo inayoiweza Heterakis, kama levamiso au fenbendazo. Piperazini iliyozoeleka madukani inatoa minyoo mikubwa, hii midogo inaisumbua kidogo tu. Dawa ya minyoo haitibu aliyekwisha kuugua, inakata mnyororo.

Mashudu ayaache leo pia. Hapo sibishani na Mchanganya Pumba. Na joto la usiku arudishe.

Halafu mmoja mgonjwa aliye hai ampeleke TVLA, maabara ya serikali ya mifugo, kituo cha Dodoma. Aliye hai, nasisitiza, kwa sababu kijidudu hicho kikipoa kinakufa na kwenye darubini hakionekani tena.

#39 Kipanga Mweusi
Kumbe ushauri ni ule ule kwa wote watatu mliokuwa mnagombana.

#40 Mchanganya Pumba
Hatugombani, tunajadili. Na bado nasema mashudu.

#41 Bibi Shambani
Mtumishi naomba uniondolee jambo. Mimi nimesema vifaranga wa kuku ni walimu wazuri. Wewe unasema kuku ndiye mwenye ugonjwa. Niwafundishe na nani?

#42 Mtumishi wa Zizi
Shikamoo Bibi. Kifaranga wa kuku aliyetoka mashineni leo hana minyoo wala kijidudu hicho, hakirithiwi kupitia yai. Akiwa brudani juu ya maranda mapya na mzinga wa umri wake ni mwalimu salama. Hatari ni kuku aliyekwisha kudonoa udongo, pamoja na mama kuku anayelea vifaranga wa mzinga uwanjani. Yeye anawaita "njooni mle" pale pale alipochakura minyoo. Wakishajua kula, watenganishe kabla ya kutoka nje.

#43 Bibi Shambani
Marahaba mwanangu. Hapo nimekuelewa.

#44 Mkulima Nakuru
Na wenye kanga je? Nina mayai ya kanga yanakaribia kutotolewa.

#45 Mpemba Halisi
Kanga mimi ndiyo fani yangu. Akishakua ni mgumu kuliko wote, ila kifaranga wake adui mkubwa ni umande. Mama kanga anawaburuza asubuhi na mapema kwenye majani marefu, wanalowa, wanapoa, anawaacha njiani mmoja mmoja wala hageuki nyuma. Mfungie mpaka jua likaushe majani. Chombo cha maji kiwe chembamba, anazama kwenye maji ya kina cha kidole. Chakula mpe kinachokaribia cha mzinga kwa protini.

#46 Soma Kwanza
Na usimwache na mzinga ukidhani umekwepa kuku. Kanga naye anabeba ile minyoo.

#47 Mkulima Nakuru
Asanteni. Bora kanga kuliko kware, mnakumbuka kware wa 2013 na 2014 hapa Kenya? Kila mtu alikuwa na kizimba, hata makanisani tulitangaziwa. Bei ya yai ilipoporomoka watu wakawafungulia wakaruka.

#48 Bandari Salama
Huku kwetu nao walipita. Ilikuwa yai la kware linatibu kila ugonjwa.

#49 Kipanga Mweusi
Turudi kwenye mada jamani, mke wangu anauliza. Mashine hatuna. Tuna kuku anayeatamia na tuna bata wa kawaida, wale wenye uso mwekundu. Mayai ya mzinga tumpe nani?

#50 Bibi Shambani
Mpe bata. Mzinga anaatamiwa siku 28, kuku mwenyewe kazoea 21, wengine wakifika hapo wanachoka wanainuka. Bata huyo yeye amezoea 35, hatasikia chochote. Ila siku ya kutotoa uwe karibu, uwachukue, asiwapeleke kwenye maji.

#51 Binti Uwemba
Kuku akiwa mzoefu anafika 28 bila shida, mimi wa kwangu wanafika. Ukitaka walimu wa Bibi, muwekee mayai ya mzinga kwanza, siku ya saba ongeza mayai machache ya kuku. Wote watatoka pamoja. Halafu wahamishie kwenye joto.

#52 Nzuguni Yetu
Nimerudi kidogo. Kichanja kimesimama, wamo humo, taa imerudi, mashudu nimetoa. Leo hajafa mtu lakini wawili bado wamesinzia. Mmoja nampeleka maabara kesho asubuhi akiwa hai. @Mchanganya Pumba, sampuli ya mashudu nayo niende nayo, au wanapima sehemu nyingine?

#53 Mchanganya Pumba
Nenda nayo, uwaulize hapo hapo. Chota sehemu tofauti za gunia, juu, katikati na chini, uchanganye. Ukungu haukai gunia zima sawasawa, ukichota mahali pamoja unaweza kupata majibu mazuri ya gunia baya. Ifunge kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa nailoni, isije ikatoa jasho njiani.

#54 Kipanga Mweusi
Mkuu usisahau kutuletea majibu. Sisi bata ameshakalia mayai tangu mchana.